“Jaribu tena” haimsaidii muuzaji

Kwenye maduka ya jumla ya Ngamiani, mjini Tanga, yenye kompyuta kaunta, kuna dirisha dogo ambalo wauzaji wanalijua: “Imeshindikana. Jaribu tena.” Muuzaji anabonyeza tena kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na foleni inamsubiri. Kumbe mauzo ya kwanza yalishaingia kwenye kanzidata (hifadhi ya data ya programu), kilichokwama ni printa tu. Sasa kuna mauzo mawili, stoo imepunguzwa mara mbili, na jioni hesabu hazikai. Atakayeulizwa ni muuzaji, wala hakuna atakayeiuliza programu. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nashikilia kwamba mpango wa kushughulikia hitilafu uandikwe kabla ya kuchora skrini ya kwanza.

Mpango huo uanze na swali moja kwa kila hitilafu: nani anaweza kuitatua? Karatasi ya risiti ikiisha, ni muuzaji. Antivairasi ikilishika faili kwa nusu sekunde (Windows hurudisha namba 32, yaani faili linatumiwa na programu nyingine), ni programu yenyewe. Isubiri kidogo na kurudia bila kumsumbua mtu. Jumla ya ankara ikitofautiana na jumla ya mistari yake, hakuna mtu pale kaunta anayeweza kitu. Hilo ni kosa letu tulioandika msimbo, na programu ikatae kuendelea na muamala huo badala ya kukisia. Programu nyingi huyafunga makundi haya yote ndani ya mtego mmoja mkubwa unaodaka kila kitu na kukimeza. Ukidaka hitilafu ambayo hujui utaifanyia nini, umeificha tu.

Kurudia nako kuna masharti. Mara tatu zinatosha, kwa kusubiri milisekunde 200, kisha 400, kisha 800. Baada ya hapo sema ukweli. SQLite, aina moja ya kanzidata, usipoiwekea muda wa kusubiri, haisubiri kabisa: ikikuta kanzidata imefungwa na mwandishi mwingine, hurudisha SQLITE_BUSY, yaani “nina shughuli”, papo hapo. Tena rudia tu kitendo ambacho kikifanyika mara mbili hakiharibu kitu. Mauzo hayako hivyo mpaka uyape namba ya kipekee, nayo itolewe ankara inapofunguliwa, kabla ya kufika kwenye kuhifadhi. Safu ya namba hiyo kwenye kanzidata ikikataa marudio, kubonyeza mara ya pili kunagonga ukuta, na programu inaelewa kwamba mauzo yalishaingia. Kuchapa kuwe hatua ya peke yake baada ya kuhifadhi, na risiti iwe na hali yake: imechapwa au haijachapwa.

Hitilafu ninayoiogopa kuliko zote ni ile isiyopiga kelele. Chukua ghala la mkonge lenye mizani iliyounganishwa na kompyuta. Robota la kawaida, yaani furushi la nyuzi zilizobanwa, ni kilo 250, kwa hiyo namba za kwenye skrini hufanana kutwa nzima. Waya ukilegea, programu inabaki inaonyesha uzito wa robota lililopita. Karani anapandisha jingine, anabonyeza Hifadhi, na uzito wa uongo unaingia vitabuni. Msimbo haukuona kosa lolote, maana hakuna kilichofika. Dawa yake ni kuupa kila usomaji saa yake. Ukipita sekunde mbili bila usomaji mpya, futa namba, weka vistari, na ufunge kitufe cha Hifadhi. Mizani nyingi pia hutuma alama ya kuonyesha kama uzito umetulia. Usiupokee uzito kabla ya alama hiyo.

Kuna na umeme. Ukilifungua faili la zamani na kuliandika upya juu kwa juu, mifumo mingi hulikata kwanza hadi baiti 0. Umeme ukikatika hapo, la zamani limekwenda na jipya halijafika. Andika kwenye faili la muda ndani ya folda ileile, maana kubadilisha jina kutoka diski moja kwenda nyingine si kitendo kimoja. Lazimisha data ifike kwenye diski. Kisha badilisha majina, nakala ya zamani ukiiacha pembeni.

Ujumbe wenyewe useme kilichotokea, kama data iko salama, na la kufanya: “Risiti haijachapwa, karatasi imeisha. Mauzo yamehifadhiwa. Weka karatasi, kisha bonyeza Chapa.” Chini yake weka alama fupi kama CH-03, kwa kuwa muuzaji atamsomea fundi kwenye simu. Maelezo marefu yaende kwenye faili la kumbukumbu: saa, toleo la programu, kitendo, namba ya hitilafu na chanzo chake cha kwanza. Nywila na namba za simu za wateja zisiingie humo. Liweke kwenye folda ya mtumiaji, kwani ndani ya Program Files, folda ya Windows ya programu, mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Mafaili matano ya MB 2 yanayozunguka, jipya likichukua nafasi ya kongwe, yanatosha.

Hitilafu ikipenya hadi juu kabisa bila kudakwa, andika kumbukumbu, tunza ankara iliyo wazi kama rasimu, na ufunge programu. Usiendelee, maana hujui kilichobaki kwenye memori kina hali gani.

Kabla ya kuikabidhi, chomoa waya wa printa katikati ya mauzo. Jaza flashi ndogo mpaka pomoni, uifanye kuwa folda ya data, uone kama namba 112 ya diski kujaa inageuka kuwa sentensi inayoeleweka. Ondoa ruhusa ya kuandika kwenye folda. Halafu zima swichi ya ukutani wakati inahifadhi, urudie mara 20. Mauzo ambayo skrini ilishasema yamehifadhiwa yakikosekana hata mara moja baada ya kuwasha, programu hiyo bado haijafika hatua ya kupelekwa dukani.