Ukuta wa mbao

Jirani yangu hubadilisha pesa Birere, hapa Goma, mashariki mwa Kongo: dola kwa faranga, faranga za Rwanda kwa za Kongo, kwenye meza ndogo chini ya mwavuli. Jioni moja alibeba kiti chake mpaka uani kwangu, akakaa, akanyamaza kitambo, ndipo akauliza: «Mwalimu, mie nilinde watoto na nini? Na filimbi?» Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba bastola yaweza kupatikana. Sikumuuliza ni mtu gani. Katika Goma ya leo maswali mengine mtu huyaacha yapite.

Swali lake halikuzuka hewani. Mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, gereza la Munzenze lilivunjwa na wafungwa kwa maelfu wakatoka. Wapiganaji walioshindwa walitupa bunduki na magwanda njiani, na si zote zilizookotwa na watu wenye nia njema. Kisha benki zikafunga milango. Hili la tatu ndilo watu husahau kulitaja wanapozungumzia usalama, nalo kwangu ni zito kuliko mawili ya kwanza. Mtu asiye na benki hulala na pesa zake ndani, na mwizi anajua. CADECO, benki ya akiba ya serikali, ilifunguliwa tena Aprili 2025 chini ya wenye mji wapya, lakini sijaona mfanyabiashara wa mtaani kwetu akienda kuweka huko akiba ya watoto.

Wala tusijidanganye kwamba yalianzia hapo. Wabadilishaji pesa na vijana wa vibanda vya pesa za simu walikuwa wakipigwa risasi magharibi wakirudi nyumbani miaka kabla ya 2025. Rais alipowaita vijana, Novemba 2022, wajipange katika vikundi vya kulinda mitaa, silaha ziliongezeka. Nyingi zilikwenda mstari wa mbele, nyingine zikabaki mjini na njaa ya mwenye kuzibeba.

Basi hoja ya jirani yangu ina uzito, na ningependa kuieleza kwa nguvu zote kabla ya kuipinga. Mwizi ana bunduki tayari. Hakuomba kibali popote. Saa nane ya usiku hakuna nambari ya kupiga ambayo mtu atajibu, na akijibu hatakuja. Katazo la silaha, hivyo, linamfunga yule tu anayeheshimu katazo. Tena wakubwa hawajawahi kuuliza swali hili. Kwa miaka, mwenye cheo au mali Goma alikuwa na polisi wawili langoni na kalashnikovu zao, huku kampuni za ulinzi zikileta zamu mwenye rungu na koti la mvua, kwa kuwa walinzi wa kampuni hawaruhusiwi bunduki. Ulinzi wa bunduki ulikuwepo siku zote, ila ulikuwa wa wenye uwezo. Anayemwambia mbadilishaji pesa kwamba silaha ni hatari, naye mwenyewe analala nyuma ya silaha ya polisi, hana budi kuona haya kidogo.

Hata sheria haisemi kwamba raia hawezi kamwe. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayosimamia silaha na risasi katika Kongo, inataka kibali. Haifungi mlango wote, lakini silaha ya kivita imebaki nje ya ruhusa ya raia. Kuhusu kujitetea, kanuni ya adhabu ya 1940 yenyewe haina kifungu kinachoeleza utetezi halali kwa jumla, lakini mahakimu na wanasheria wameukubali kama kanuni ya msingi ya haki: shambulio liwe la kweli na liwe linatendeka sasa hivi, liwe la dhuluma, na jibu lilingane nalo. Mwizi anayekimbia na televisheni kichwani hashambulii tena. Ukimpiga risasi mgongoni umeua mtu. Na kama silaha uliyotumia ni ya kivita, basi ingawa wewe ni raia, kesi yako inakwenda mahakama ya kijeshi, kwa sheria ya 2002.

Hiyo ni karatasi ya Kinshasa, ya serikali isiyoushika tena mji huu. Kibali ni karatasi, na thamani yake inategemea anayeisoma kwenye barieri. Mwenye kibali cha 2019 leo amwonyeshe nani? Wanaoshika mji wametaka silaha zote zirudishwe, na mtu anayekutwa nayo hapewi muda wa kueleza kwamba ni ya kulinda nyumba. Katika mji wa Bukavu, Februari 2025, watoto waliokota bunduki zilizoachwa na wanajeshi. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imethibitisha kwamba M23 ilipoingia mjini baadhi ya watoto waliuawa bila hukumu. Sijui mtu anayeweza kusoma hilo kisha akaficha bastola juu ya dari kwa moyo mtulivu. Na wenye mji wakibadilika tena, kitu kilekile kitakuwa ushahidi kwamba ulikuwa wa upande uliotoka.

Lakini tuseme hayo yote yameondoka. Tuseme kuna utulivu, kibali, duka halali. Je, hapo jirani yangu awe nayo? Hapa ndipo nimefikiri zaidi, na nimelazimika kwenda kwa wale wanaoijua kazi hii kwa undani.

Marekani, ambako zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote, wako walimu wanaofundisha ubebaji kama ufundi wenye adabu yake. Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa wanamaji na aliyeanzisha shule ya kulenga shabaha Arizona mwaka 1976, aliufupisha kwa amri nne ambazo hadi leo hukaririwa: kila bunduki ihesabu ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Juu ya hizo wanaongeza ala ngumu inayofunika kifyatulio, ili bastola isifyatuke mtu anapokaa au kuinama, na mazoezi ya mara kwa mara, si ya siku moja.

Amri tatu za kwanza mtu wa Goma aweza kuzishika akiwa na nidhamu. Ya nne, ichukue uende nayo mitaa yetu ya Katoyi, Mabanga au Majengo usiku. Nyumba zetu nyingi ni za mbao. Zilisimamishwa hivyo kwa sababu mbao ni nafuu na nyepesi, na kwa sababu volkano ya Januari 2002 ilituachia mji uliofunikwa mwamba mweusi ambao kuuchimba msingi ni kazi ya nyundo. Kati ya kitanda changu na cha jirani kuna mbao mbili na kichochoro cha hatua moja. Nasikia anapokohoa. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupenya mbao kadhaa za namna hiyo na bado inaua upande wa pili. Nyuma ya shabaha, kwetu, daima kuna watoto wa mtu. Mwalimu wa Arizona akija kuifuata amri yake mwenyewe humu, itabidi asifyatue.

Sijasikia wenye kutetea silaha wakilijibu hili, wala wenye kuipinga wakilitaja. Wote huzungumza kana kwamba mtu anaishi peke yake katikati ya shamba.

Halafu kuna muda. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu huvuka futi 21, yaani mita 6 na ushee, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule ambao polisi aliyefunzwa huhitaji kuchomoa na kufyatua. Uliza sasa chumba cha jirani yangu kina mita ngapi. Wezi wa hapa hawaji mmoja na kisu. Huja watano, sita, wakiinua bati au kung'oa mbao mbili, na mmoja wao ana kalashnikovu. Mwenye bastola chini ya mto hupata nafasi tu kama ameamka kabla yao, na akiiweka pale pa kufikika haraka, mtoto wa miaka minne naye anaifikia. Akiifungia kwenye kisanduku cha chuma, risasi kando, kama walimu wanavyotaka, ameshafanya wajibu wake wa mzazi na ameshachelewa kwa mwizi. Katika nyumba ya vyumba vinne yenye milango, mvutano huo una suluhu. Katika vyumba viwili vyenye watu tisa sioni suluhu yake.

Takwimu za Wamarekani zenyewe hupigana. Utafiti wa Kellermann wa 1993 ulihusisha bunduki nyumbani na hatari ya kuuawa humo iliyo karibu mara tatu. Kleck na Gertz wakadai mwaka 1995 kwamba watu hujitetea kwa bunduki mara milioni 2.5 kwa mwaka, hesabu iliyopingwa vikali. Siwezi kuleta hata moja Goma. Zote zilipimwa mahali ambapo ukipiga simu gari la polisi linakuja.

Je, vifaa vingine? Watu wenye pesa kidogo wameanza kuulizia jile ya kuzuia risasi. Niseme wazi: ile nyepesi inayovaliwa chini ya shati, daraja la IIIA kwa vipimo vya NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya bastola. Risasi ya kalashnikovu hutoka kwa kasi ya mita zaidi ya 700 kwa sekunde, karibu maradufu ya bastola, na inaipita. Ya kuizuia inahitaji mabamba magumu, kila moja kilo kadhaa, kifuani na mgongoni. Uvae hayo ukabadilishie pesa Birere? Na yeyote akikuona nayo, atakuona mpiganaji. Dawa ya pilipili ya kupulizia ina faida yake kwa dada anayetoka kazini gizani na kukutana na mtu mmoja mwenye nia mbaya, mradi upepo wa ziwani usimrudishie machoni mwake. Ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa, itawaliza watoto kabla ya mwizi.

Kinachobaki ni kile jirani yangu alichokidharau, filimbi. Usiku mmoja hapa kwetu filimbi ililia avenyu ya juu, sufuria zikaitika, kisha vuvuzela, mpaka kartie nzima ikawa inapiga kelele kama uwanja wa mpira. Wezi walikimbia na gunia la mchele tu. Kelele haipenyi ukuta ikamuua mtu. Haihitaji kibali, na asubuhi hakuna wa kukuuliza umeitoa wapi. Taa ya sola yenye kuhisi mwendo, kufuli la ndani, mbwa, chefu wa nyumba kumi mwenye nambari za kila mtu: vitu vidogo, lakini vyote humwondolea mwizi giza na kimya, ambavyo ndivyo silaha yake ya kwanza.

Hata hivyo sitaiuza kelele kama dawa isiyo na sumu. Imeshaua. Kundi lililoamshwa usiku na hasira ya miezi halichunguzi. Kijana aliyekuwa akirudi kwa mgonjwa amepigwa mawe kwa sababu alikuwa anakimbia. Mwenye bastola akikosea ataitwa muuaji kwa jina lake. Kundi likikosea, kila mtu anarudi kulala. Filimbi bila watu wawili watatu wenye akili tulivu wa kusimama mbele ya kundi ni silaha iliyokosa ala.

Kifaa kimoja hakuna anayekiulizia, nacho ndicho ningemnunulia kila baba: kamba ya kukaza damu, garo. Goma ina majeruhi wa risasi kwa wingi kiasi kwamba madaktari wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamekuwa hospitali ya CBCA Ndosho kwa zaidi ya miaka 10. Lakini kati ya Majengo saa nane usiku na Ndosho saa kumi na mbili asubuhi, damu haingoji. Kama ni mguu au mkono, bana jeraha kwa nguvu na kitambaa. Isipokoma, kaza garo, au kipande kipana cha kitenge na kijiti cha kusokotea, vidole vinne kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, isikae kwenye goti wala kiwiko, na uandike saa uliyokaza. Dakika kumi za kufundishwa zinatosha. Bastola inataka miaka.

Nilimweleza jirani haya, si yote kwa usiku mmoja. Alisikiliza la sheria bila kushtuka. La Bukavu alilijua. Lililomnyamazisha ni la ukuta: aligeuka akatazama mbao za nyumba yangu, kisha za kwake, akapima kwa macho kitanda cha binti zake kiko wapi.

Siku hizi akitoka Birere harudi tena na mfuko. Wamekubaliana wabadilishaji wanne kugawana pesa za jioni na kutembea kila mmoja kwa njia yake, saa tofauti kila siku. Na wiki iliyopita lori lilimwaga mawe ya volkano mbele ya parseli yake, mawe makubwa meusi ya kujengea ukuta wa upande wa watoto. Nilipompongeza alicheka. Bastola, akasema, bado anaifikiria.