Jina la Ukoo Tunaloliandika Kwenye Fomu

Fomu nyingi nchini Tanzania humtaka mtu ajaze jina la kwanza, la kati na la ukoo, kana kwamba kila jamii ilikuwa na ukoo wenye jina la kuandikwa. Wachaga hawapati taabu, kwa kuwa akina Mushi, Massawe na Lyimo wamerithishana majina hayo tangu zamani. Mnyakyusa mwenye jina linaloanza na Mwa-, kama Mwandosya, naye hujibu bila kusita. Wengi wetu waliobaki huandika jina la babu, ambalo mara nyingi lilimhusu yeye peke yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Butiama. Mwalimu alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, kisha akabadilishiwa jina akaitwa Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki. La Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito, aliyepewa kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wameivamia nchi. Kwa hiyo jina ambalo leo limebandikwa kwenye uwanja wa ndege, daraja na bwawa la umeme lilianza kama kumbukumbu ya wadudu, likawa la ukoo kwa sababu watoto na wajukuu waliliandika hivyo.

Sioni aibu katika hilo. Ninachokipinga ni kulitunza jina huku tukiitupa sababu yake. Mashaka, Tabu na Masika yalikuwa majina ya kueleza hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa, na mjukuu anayelibeba asiyejua ni mashaka gani amerithi nusu tu. Lakabu za wakubwa zina bahati: kila mtu anajua kwamba Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Rukhsa kwa kuwa alilegeza masharti ya biashara. Lakabu ya mkulima ikishaingia kwenye daftari la shule, nani ataieleza wazee wakiondoka? Wazazi waandike, hata kwenye daftari la nyumbani, nani alimpa babu jina na kwa nini.

Fomu nazo zingeuliza tu jina lako, la baba na la babu, kisha mwenye la ukoo aliongeze. Watu wa pwani wamekuwa wakijitaja hivyo muda mrefu, fulani bin fulani bin fulani, na aliye Mazrui au Barwani akamalizia kwa nisba yake.