Tusiwasahau kalooli wa Kampala
Naishukuru makala niliyoisoma kuhusu wanyamapori wa Uganda, kwa kutukumbusha kwamba hawaishi katika hifadhi za taifa za Murchison na Bwindi peke yake, bali wamo pia katikati ya msongamano wa miji yetu. Ningependa kuongeza habari za kalooli, yule korongo mkubwa ambaye wakazi wengi wa Kampala humwona kuwa kero, kwa kuwa hula mizoga na takataka, na kinyesi chake huchafua magari yaliyoegeshwa chini ya viota. Hayo ni kweli, lakini ndege huyu hula kile ambacho sisi tumekitupa na hatukukizoa.

Asubuhi moja nilisimama chini ya mti wenye viota vyao, bodaboda zikipiga honi pande zote, nikamtazama mmoja akitua: mabawa mapana kuliko kitanda, mfuko wa ngozi ukining'inia shingoni, na miguu kana kwamba imepakwa chokaa. Weupe huo ni kinyesi anachojimiminia miguuni ili kimpunguzie joto. Nilikuwa nimepita hapo miaka mingi bila kuinua macho, na ninajuta.

Hofu yangu kubwa zaidi ni kuhusu maeneo oevu. Ghuba ya Lutembe, iliyo kati ya Kampala na Entebbe, iliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, na ndege wahamiaji hufika huko kwa maelfu, ilhali kingo zake zimemegwa kwa kilimo cha maua na ujenzi. Ninaomba mwandishi wa makala hiyo aende huko, azungumze na wavuvi, kisha atuandikie alichokiona.