Lori la 1958 Halikumwona Hitler

Mwaka juzi, kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya jeshi huku Uingereza, jirani yangu wa safu alinijia na kopo la rangi nyeupe. Mtu mwema kabisa, jeep yake inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Alisema lori langu linaonekana uchi. Angenichorea ile nyota nyeupe ya pembe tano mlangoni, kazi ya dakika kumi, bure. Nikamshukuru, nikamwambia nyota hiyo ilikuwa alama ya majeshi ya washirika yaliyoshuka Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944 kupigana na Hitler, na lori langu lilitoka kiwandani 1958.

"Nani atajua?" akauliza, kopo bado mkononi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wapenzi wenzangu wa malori haya unapoanzia.

Lori lenyewe ni Bedford RL. Wakenya wa rika la wazazi wangu jina Bedford hawahitaji kuelezwa. Lilibeba viazi, mkaa, mawe ya ujenzi na wanafunzi wa kwaya. Lakini RL si ile Bedford ya sokoni. Kampuni ya Vauxhall, wenye jina la Bedford, waliliunda kwa ajili ya jeshi, likaanza kutoka 1953, na kabla halijasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 70,000. Magurudumu yote manne yanavuta. Injini ni ya petroli, silinda sita, lita 4.9, nayo imekaa ndani ya kabini katikati ya dereva na tanboi, kwa hiyo Januari ya baridi unaibariki na Julai ya joto unailaani. Paani, upande wa tanboi, kuna tundu la mviringo ambalo askari alisimamia akiwa na bunduki. Siku hizi husimama hapo binti yangu, akipungia watu kama rais.

Nililikuta Lincolnshire nyuma ya zizi la ng'ombe, miba imepenya sakafu ya kabini na kutokea kwenye usukani. Mkulima aliyeniuzia alisema baba yake alilinunua kwenye mnada wa Ruddington, karibu na Nottingham, ambako jeshi lilikuwa likiuza mitumba yake. Kwa miaka mingi lilikuwa likibeba majani makavu ya ng'ombe, limepakwa rangi ya buluu kwa brashi ya ukuta. Nilimpa pauni 2,800. Mke wangu hadi leo anaamini ni 1,800, na kwa kuwa hasomi makala za magari nina amani.

Mimi ni fundi wa mabasi, injini haikunitisha. Injini hii ni mtu mzima mstaarabu: mpe mafuta, cheche na hewa, ataitika. Breki ndizo zilizonila miezi saba. Kila pistoni ilikuwa imeganda, na bomba moja lilikatika mkononi mwangu kama muwa uliooza. Halafu mafuta. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hutafuna mipira ya zamani. Nilibadilisha kila mpira kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, na bado hununua ile ya bei ya juu. Injini za zama hizo zilizoea pia petroli yenye risasi (ya kemia, si ya bunduki), ambayo iliondolewa vituoni mwaka 2000, kwa hiyo viti vya valvu lazima uvitazame kwa jicho la daktari. Lita moja inanifikisha kilomita tatu, nikiwa na bahati na upepo ukiwa mgongoni.

Jambo moja la maisha na kifo, kwa anayefikiria kununua. Malori mengi ya jeshi la Uingereza ya zama za vita yana rimu za vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka na kukuondoa kichwa. Ndiyo maana nati hizo zilipakwa rangi nyekundu. Sasa kuna watu hupaka rimu nzima kijani kibichi, nati na kila kitu, ili picha ipendeze! Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko nyota ya uongo.

Sheria ya hapa inanihurumia kuliko ninavyostahili. Lori lililotengenezwa kabla ya 1960 na lisilobeba mzigo halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka, na kodi ya barabara ni sufuri. Mimi hulipeleka likaguliwe hata hivyo. Chuma cha tani nne na ushee kinachoteremka mlima huku dereva wake akiomba dua hakipaswi kutegemea uungwana wa mwenye nacho.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kiko chini, nyuma. Katika malori haya, difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) hupakwa rangi nyeupe, na juu yake kunafungwa kitaa kidogo kinachoimulika. Msafara unapokwenda usiku, taa kubwa zote zimezimwa ili adui asione, dereva anayefuata anakazia macho ule mng'ao mweupe peke yake. Nilikaa usiku mmoja kwenye uwanja wangu nikiwasha na kuzima kitaa hicho. Jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna shida.

Sasa, rangi. Nilipoanza kukwangua ile buluu ya mkulima nilikuta kijani cheusi cha matt, kisha chini yake kile kijani kizito chenye mng'ao kinachoitwa Deep Bronze Green, ambacho jeshi lilikuwa likitumia miaka ya 1950. Wenzangu wengi wangechoma yote mpaka chuma cheupe na kuanza upya. Mimi nililipaka Deep Bronze Green nje, lakini upande wa ndani wa mlango wa dereva nimeacha buluu pamoja na alama za kucha za mbwa wa mkulima. Lori hili lilibeba majani miaka mingi kuliko lilivyobeba askari.

Tatizo langu na nyota si ushamba wa tarehe. Kwenye maonyesho haya kila kitu kinavutwa kuelekea 1944, kwa sababu 1944 ni mwaka ambao Waingereza hawana la kuomba radhi. Malori yaliyozaliwa miaka kumi au kumi na minne baadaye yanavishwa nyota, yanapangwa magunia ya mchanga, mtu anavaa bereti kama ya Montgomery, jenerali wao wa vita ile, muziki wa big band unapigwa. Lakini RL halikumwona Hitler. RL lilikuwa lori la miaka ambayo dola inafunga virago huku ikipigana: Saiprasi, Suez mwaka 1956, Aden mpaka walipoondoka Novemba 1967. Hiyo ndiyo historia yake, na haina muziki wa kuchezea.

Mimi ni Mkenya, na kwetu lori la jeshi lina mlango mwingine. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi wa kikoloni waliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, ya kuwasaka Mau Mau. Watu walitolewa majumbani mtaa kwa mtaa, wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho, wale walioitwa gakunia. Kichwa cha gunia kikiinama, umekwisha. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Babu yangu alichukuliwa Bahati, akapelekwa kambi ya Lang'ata kisha ya Manyani. Shosho, mke wake, na watoto wawili walirudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, wakiwa na sufuria moja na blanketi. Babu alirudi 1957, na mpaka anakufa hakuwahi kupanda lori. Akitaka kwenda sokoni na mahindi yake alisubiri basi, ama akatembea.

Kwa hiyo naulizwa, na ndugu zangu hasa, wewe una akili? Unatumia mshahara kufufua karandinga la mkoloni?

Jibu langu si safi sana. Nalipenda kwa sababu ni mashine nzuri, mtu aliyelichora alifikiria fundi atakayelala chini yake matopeni saa tisa usiku. Nalipenda pia kwa sababu ukiliacha mikononi mwa wenye nyota na magunia ya mchanga, litasema mambo ya kwao tu. Na sina chuki na walioliendesha. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka 18 waliolazimishwa na sheria kwenda jeshini miaka miwili. Mzee mmoja wa namna hiyo alipanda kwenye kabini yangu mwaka jana, mkongojo akaushikilia mke wake. Akakanyaga klachi, akasukuma gia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema alikuwa Saiprasi, na kwamba harufu ni ileile. Hakusema harufu ya nini, nami sikuuliza.

Makumbusho ya kikosi cha Royal Logistic Corps yana kadi za kumbukumbu za magari ya jeshi, na langu limo. Najua siku lilipopokelewa, najua lilipelekwa Ujerumani likakaa miaka tisa, najua ghala lililolipokea liliporudi, najua liliuzwa 1972. Halikufika Kenya, na kibao ninachoweka mbele ya bampa hakidai kuwa lilifika. Lakini nilipokuwa nikiisoma kadi ile, safi, kila safu imejazwa, nilimkumbuka babu. Mafaili mengi ya waliozuiliwa yalichomwa kabla ya uhuru. Mengine yalisafirishwa kimyakimya na kufichwa Hanslope Park, Buckinghamshire, na serikali haikukiri kuwa nayo mpaka 2011, wazee wa Kenya walipoifikisha mahakamani London kwa mateso ya kizuizini. Miaka miwili baadaye ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Babu hakuwemo, alikuwa ameshazikwa. Lori langu lina cheti kamili kuliko yeye.

Kibao changu kinasema hivi: Bedford RL, 1958, Ujerumani, kisha shamba la Lincolnshire, kisha mstari mmoja kuhusu kazi ambayo malori ya jeshi hili yalikuwa yakifanya Nairobi, Aprili 1954. Mstari huo umenipa maneno. Mwandalizi mmoja alinishauri niutoe kwa kuwa watu wanakuja na watoto. Nikamwambia mimi pia nakuja na mtoto, yule aliye juu ya paa.

Nilipomaliza kazi yote nilimpigia shosho simu ya video. Alikuwa na miaka themanini na kitu, macho bado makali. Nikamzungusha taratibu: kabini, tairi, turubai jipya lililonigharimu kuliko tairi mbili. Nikawasha injini asikie. Binamu yangu aliyeshika simu upande ule alikuwa anashangilia. Shosho akatazama, akatazama, kisha akauliza:

"Hilo turubai linafungiwa ndani au nje?"

Nikaenda nyuma kuangalia, ingawa nililifunga mwenyewe. Kamba zote ziko nje.

Tangu siku hiyo nikiegesha maonyeshoni turubai la nyuma hulikunja lote hadi juu, na lango la bodi naliteremsha. Mvua ya huku ikinyesha maji huingia, mbao zinaanza kuvimba, na jirani wa jeep huja mbio kuniambia nimesahau kufunga.