Cupricola ni jina la kwetu

Mwanafunzi wa biolojia hapa Lubumbashi hukaririshwa majina ya Kilatini mwaka mzima, mengi ya mimea ambayo hataiona maishani. Mtihani ukipita, yote yamesahaulika. Hilo halinishangazi. Kinachoniudhi ni kwamba majina yaliyozaliwa kwenye udongo wetu hatajiwi kabisa.

Chukua mmea uitwao Acalypha cupricola. Warumi walipata shaba yao kwa wingi kisiwani Kupro, wakaiita kwa jina la kisiwa, ndipo likatoka neno cuprum. Ile -cola inatokana na colere, yaani kulima au kukaa mahali, na imo pia katika agricola, mkulima. Basi cupricola ni mkaaji wa shaba. Katika mji ulioinuliwa na mukuba, yaani shaba, jina hilo lingehitaji maelezo gani tena?

Na limempata mwenyewe hasa. Shaba ikizidi ardhini ni sumu: miti ya miombo inakomea chini ya kilima, juu kunabaki nyasi na mimea mifupi iliyozoea. Mmojawapo ni Haumaniastrum katangense, wa ukoo mmoja na mrehani, wenye maua madogo ya zambarau. Huota hata juu ya mabaki ya tanuri ambamo wazee wetu wa kale waliyeyushia shaba, na wanaakiolojia wameufuata wakazifikia tanuri hizo. Katangense, yaani wa Katanga. (Hauman alikuwa mtaalamu wa mimea Mbelgiji, haya, hilo tumwachie.)

Jina la namna hii ni anwani. Acalypha dikuluwensis iliitwa hivyo kwa sababu ya Dikuluwe, upande wa Kolwezi. Mgodi wa wazi ukaimaliza, na mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikaiorodhesha kuwa imetoweka duniani. Aliyeelewa ile -ensis, yaani wa mahali fulani, angejua mapema kwamba kilima kikichimbwa, mmea hauna pa kuhamia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Kilatini ni mzigo wa mkoloni, tuutue. Kabla kilima kingine hakijakabidhiwa kampuni, majina ya mimea yake yasomwe hadharani, na vijana wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, wawepo wakiyaelewa. Mwalimu aanze na hizo Acalypha mbili tu. Kipindi kimoja kinatosha.