Maziwa ya mama kwenye menyu ya mgahawa: nani anakosa?

Mwaka 2008 mmiliki wa mgahawa mmoja mjini Winterthur, Uswisi, alitangaza kuwa angepika supu na michuzi kwa maziwa ya wanawake, akatafuta akina mama wa kumuuzia. Wakaguzi wa chakula walikwama. Sheria ilitaja wanyama ambao maziwa yao yanaruhusiwa kuuzwa, kama ng'ombe na kondoo, na binadamu hakuwemo. Lakini pia hapakuwa na kifungu kilichomkataza. Mwaka huohuo shirika la kutetea wanyama la PETA likaiandikia kampuni ya aiskrimu ya Ben & Jerry's, Marekani, likiitaka iache maziwa ya ng'ombe na kutumia ya binadamu. Mwaka 2010 mpishi Daniel Angerer wa New York alitengeneza jibini kwa maziwa ya mwenzi wake, na idara ya afya ya jiji ikamtaka asiwape wateja. Mwaka uliofuata duka la The Icecreamists la London liliuza aiskrimu ya maziwa ya mama kwa pauni 14, na halmashauri ya Westminster ikaichukua kwenda kuipima.

Kila mara watu walisema jambo lilelile kwanza: kinyaa. Wapo waliofika mbali hadi kufananisha na kula nyama ya mtu, na mfano huo naukataa kabisa. Nyama haipatikani bila kuua au kukata. Maziwa yanatoka kwa mtu aliye hai, naye habaki na jeraha, na kazi yake tangu mwanzo ni kulisha mtu mwingine. Wengi waliochefuliwa walikua kwa chakula hichohicho. Hata hivyo sidharau hisia yao. Kinyaa kwa majimaji ya mwili wa mtu usiyemjua kimewakinga binadamu na maradhi mengi kabla hajajulikana bakteria. Kinatosha kumfanya mtu asile. Hakitoshi kutunga sheria ya kumzuia mwenzake.

Barua ya PETA ilichekwa, ingawa ilibeba swali ambalo waliocheka hawakulijibu. Ng'ombe hutoa maziwa kwa sababu amezaa, na katika ufugaji wa kibiashara ndama wake hutengwa naye mapema. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Mwanamke anaweza kuombwa, akakubali au akakataa, akataja bei, na kesho akabadili mawazo. Kama kipimo chetu ni ridhaa, maziwa ya mwanamke aliyeridhia hayana doa kuliko chochote kilichomo kwenye friji ya mpishi. Watetezi wanaongeza kwamba wapo akina mama wanaokamua kuliko anavyoweza kunyonya mtoto, na ziada hiyo huishia kumwagwa.

Hofu ya magonjwa ina uzito zaidi. Virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa, na vivyo hivyo baadhi ya dawa anazotumia mama. Benki za maziwa, zinazopokea maziwa ya akina mama na kuwapa watoto wa wengine, zina utaratibu wa kukabiliana na hilo: mtoaji anapimwa damu, maziwa yanapashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kisha yanakaguliwa bakteria. Kwa hiyo hatari inadhibitika, mradi yupo anayewajibika kuidhibiti. Pale asipokuwepo, hali ni mbaya. Watafiti wa Marekani walionunua sampuli 101 za maziwa ya mama kupitia intaneti walichapisha mwaka 2013 kwamba asilimia 74 zilikuwa na bakteria wengi kupita kiasi au wa aina isiyotakiwa. Mwaka 2015 wakaeleza kuwa kati ya sampuli 102, 11 zilikuwa na DNA ya ng'ombe, na 10 kati yake kwa kiwango ambacho hakiwezi kuwa cha bahati mbaya. Yaani kuna waliokuwa wakiongeza ujazo ili wapate fedha zaidi. Mgahawa ungenunua katika soko la namna hiyo.

Kwa upande wa jiko lenyewe, faida ni ndogo kuliko kelele. Maziwa ya mama yana sukari nyingi, takriban gramu 7 kwa mililita 100, kwa hiyo aiskrimu yanaifaa. Protini yake ni kama gramu moja tu, wakati ya ng'ombe ina zaidi ya 3, na kasini, ile protini inayoganda ikawa jibini, ni chache mno. Kilo moja ya jibini gumu la ng'ombe huhitaji kama lita 10. Mama anayenyonyesha hutoa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku. Hata kama maziwa yake yangeganda sawasawa na ya ng'ombe, jambo ambalo hayawezi, kilo hiyo ingekula maziwa yake ya karibu wiki mbili, na mtoto wake asipate tone.

Hapa ndipo ninapoegemea upande mmoja. Mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja, akishazoea kulishwa kikamilifu, hutumia kama mililita 150 kwa siku. Lita moja inamtosha siku sita. Kwa mtoto huyo maziwa ya mama ni kinga: yanapunguza hatari ya ugonjwa unaoozesha utumbo, ambao huua njiti wengi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri njiti ambaye mama yake hana maziwa apewe yaliyochangwa na mama mwingine. Vienna ilianzisha benki ya kazi hiyo mwaka 1909, na hadi leo njiti wengi duniani huzaliwa mahali ambapo benki kama hiyo haipo. Mteja wa mgahawa anaweza kupikiwa mchuzi uleule kwa maziwa ya ng'ombe, mbuzi au nazi, asipungukiwe na kitu. Njiti hana mbadala unaolingana.

Hoja ya ridhaa nayo hulegea fedha zikiingia. Mwaka 2017 Kambodia ilipiga marufuku kusafirisha maziwa ya mama nje ya nchi, baada ya kampuni ya Kimarekani kuyanunua kwa wanawake maskini wa Phnom Penh. Wapo wanawake waliolalamikia katazo hilo, kwa kuwa kipato kile kiliwasaidia, na malalamiko yao ni ya haki kusikilizwa. Lakini mama anayeuza kwa shida ataona kila mililita aliyomnyonyesha mwanawe kama fedha aliyoikosa. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya India nayo ilionya kuwa sheria zake haziruhusu biashara ya maziwa ya binadamu.

Kwa Waislamu kuna suala la undugu wa kunyonya: mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke huhesabiwa ndugu wa watoto wake, na hawawezi kuoana. Wanazuoni wengi wanasema undugu huo huthibiti kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa hiyo mtu mzima aliyekula supu hapati dada mpya. Ila mgahawani huja na watoto wachanga wakaonjeshwa kijiko, na hakuna atakayeandika jina la mwenye maziwa. Kuhusu kuuza, madhehebu ya Kihanafi yanakataza, ya Kishafii yanaruhusu.

Mama akipikia maziwa yake nyumbani, au akampa mwenzi wake atengeneze jibini, simwoni mwenye kosa na sioni sababu ya idara yoyote kumwingilia. Mgahawa ni jambo jingine. Sahani ikishapendwa lazima ipatikane kesho na keshokutwa, kwa hiyo mpishi ataanza kwa kununua ziada na kuishia kuagiza. Ningetaka serikali zikataze biashara hiyo ya mgahawani kwa maandishi yaliyo wazi, zisiache mwanya kama wa Uswisi, na mama mwenye ziada alipiwe vipimo, chupa na nauli ya kuipeleka wodi ya njiti.