Anayelaumiwa Naye Aape

Rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani huanza kwa notisi inayopaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, hapa Tanga, anayegombea nyumba ya urithi hana habari na siku hizo. Amemkabidhi wakili hati zake na ada, akarudi nyumbani kusubiri. Siku zikishapita, wakili huomba kuongezewa muda, na mara nyingine hati yake ya kiapo hueleza kwamba karani wa ofisi ndiye aliyesahau kupeleka makaratasi masijala.

Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha ya kuongeza muda. Msimamo huo unaniuma, kwa kuwa hasara humwangukia mteja aliyeamini, ingawa naelewa kwamba mashauri lazima yafike mwisho. Hata hivyo, mahakama hizo hizo zina kanuni ninayoiheshimu mno: ukimtaja mtu katika kiapo chako kuhusu jambo la msingi, naye ale kiapo chake mwenyewe, la sivyo maneno yako juu yake ni ya kusikia tu. Karani hawezi kutwishwa kosa kimyakimya.

Siasa zetu hazina kanuni ya namna hiyo. Kiongozi husimama mkutanoni, akamwita mtendaji wa kata mbele ya umati, akatangaza kumsimamisha kazi papo hapo, na watu wakashangilia. Huenda mtendaji huyo alitii agizo la simu lisiloandikwa popote. Sasa utii wake umegeuka ushahidi dhidi yake, na kipaza sauti hapewi. Edward Lowassa, alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, alilalamika bungeni kwamba kamati teule ya Bunge iliyochunguza sakata hilo haikumhoji. Tuwe na maoni yoyote kuhusu sakata lile, yeye alau alikuwa na Bunge la kulalamikia. Mtendaji wa kata atalalamika wapi?

Ali Hassan Mwinyi alifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Mwaka 1985 akawa Rais. Wanaodai kwamba kuwajibika ni kujimaliza kisiasa wanapaswa kuyaeleza matukio hayo mawili kwa pamoja.

Ningependa Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga lianze na jambo dogo: kabla halijapitisha azimio la kumlaumu mtumishi, maelezo yake ya maandishi yasomwe mbele ya wajumbe wote, likiwamo jina la aliyempa agizo.